Bwana Pellow Apiga Goti

Mdogo wangu Ambrose alikuwa mchoraji wa picha za vitabu, na mwaka ule wa 1895 alipata kazi aliyoililia kwa muda mrefu. Mchapishaji mmoja wa London alitaka kutoa upya riwaya ya mapenzi ya enzi za bibi zetu, wakati ule Waingereza walipokuwa wakipigana na Wafaransa huku wakicheza dansi, na safari hii alitaka iwe na picha. Ukiondoa mazungumzo, habari yenyewe ni fupi. Bwana mmoja mwenye mashamba anampenda binti wa kasisi. Anamposa, anakataliwa. Anaposa tena, anakataliwa tena, na mambo yanaendelea hivyo mpaka mara ya tano ndipo binti anakubali, nadhani kwa kuchoka. Picha kubwa zilitakiwa tano, moja kwa kila posa.

Tuliishi katika mji mdogo wa Ludlow, mimi na Ambrose, katika nyumba tuliyoachiwa na baba. Chumba cha mbele kilikuwa na dirisha kubwa lililotazama barabara ya sokoni, na Ambrose akakichagua kwa ajili ya mwanga. Mimi nilimwambia kwamba pale panapoingia mwanga na macho ya watu huingia, akasema watu wa Ludlow wana shughuli zao.

Ambrose hakuwa mtu wa kuchora kwa kukisia. Hawezi kuchora kifungo kama hana kifungo mbele yake. Kwa hiyo nilifungua sanduku la bibi, nikatoa gauni la melimeli nyeupe, lile la kufungwa utepe chini kidogo ya kifua na kuachiwa limwagike mpaka miguuni, nikaziba matundu ya nondo. Mavazi ya mwanamume niliyashona mwenyewe: koti la buluu lenye mkia nyuma, kitambaa cha kuzungusha shingoni mpaka kidevu kikose pa kwenda, na suruali ya kubana inayoishia magotini, chini yake soksi ndefu nyeupe.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Wanaume wa Kiingereza walikuwa wameficha miguu yao ndani ya suruali pana tangu enzi za babu zao, na hakuna aliyejua tena mle ndani mna nini. Ambrose akazunguka mjini akiwaomba wanaume wapandishe suruali. Mpiga kinanda wa kanisa hakumsemesha tena mpaka Krismasi. Askari polisi alikubali, tena kwa furaha, lakini miguu yake ilikuwa ya mbuni. Mpeleka barua alikuwa na vigimbi vya kupendeza mno, Ambrose alirudi nyumbani akivisifu mpaka chakula kikapoa, ila mtu mwenyewe alikuwa na ndevu za kufika kifuani na hakuwa tayari kuzinyoa kwa ajili ya riwaya ya mapenzi.

Mwishowe akampata Hubert Pellow, muuza dawa. Bwana Pellow alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, mpole, mrefu, mwenye macho ya huzuni na ndevu za mashavuni zilizoshuka pande zote mbili sawasawa kama zilivyoshuka kwa mabwana wa zamani. Miguu yake ilikuwa myembamba kama vijiti vya kufumia.

"Uso tumeshaupata, dada," Ambrose aliniambia. "Vigimbi tutatengeneza."

Nikamjazia soksi sufi ya kondoo. Si aibu, mabwana wengi wa enzi zile walifanya hivyohivyo.

Binti wa picha alikuwa Milly Oakshott, mwalimu wa piano, ambaye Ambrose alimchagua kwa sababu ya shingo yake. Milly alikuwa mtu wa maneno machache na uso mtulivu, na hakuna aliyejua anafikiri nini, hata baba yake, Meja Oakshott, mwanajeshi mstaafu ambaye alikuwa hafikiri mara nyingi juu ya jambo hilo. Meja alikuja naye siku ya kwanza kulinda heshima ya familia. Mjue kwamba mwaka ule wanawake walikuwa wakivaa mikono ya gauni iliyovimba kama mito ya kulalia, na koseti ya kukaza kiuno hata usiweze kuokota sindano. Milly alipotoka chumbani amevaa melimeli ya bibi, baba yake alisimama.

"Milly, nenda kavae."

"Nimevaa, baba."

"Hiyo ni nguo ya kulalia."

Ambrose akamweleza kwamba bibi yake Meja mwenyewe alikwenda dansini na nguo kama ile. Meja akajibu kwamba bibi yake hakuwahi kuwa na umbo la namna hiyo, wala hakuruhusiwa. Akavuta kiti, akaketi kati ya moto na binti yake, mwavuli magotini, na pale akakaa.

Kwa posa ya kwanza Ambrose aliwapanga hivi: Bwana Pellow amepiga goti moja, mkono kifuani, kofia sakafuni, Milly amesimama kando ya pazia, mkono wa kulia ameunyanyua, kiganja mbele kama mtu anayezuia ng'ombe, na uso ameugeuza. Wakatulia hivyo asubuhi nzima. Ambrose alichora na kufuta, akachora na kufuta, kisha akalalamika kwamba nyuso zao zimekufa. Aliwataka waongee kitu chochote, mradi midomo iwe hai.

Bwana Pellow hakuwahi kuongea na mwanamke asiye mgonjwa. Alifikiri mpaka jasho likamtoka, halafu akasema kwa sauti ya chini, mkono ungali kifuani:

"Kuna mafuta ya kafuri. Ni mazuri kwa mgongo."

"Hapana, Bwana Pellow," Milly akasema.

"Kwa kifua, je? Unayapasha moto kidogo."

"Siwezi kabisa."

Ambrose akafurahi kupita kiasi. Akawaambia waendelee vilevile, na kuanzia siku ile ndivyo kazi ilivyofanyika. Bwana Pellow alitaja dawa, Milly alikataa. Alimtolea dawa za meno, za minyoo, za usingizi mzito na za usingizi mwepesi, na kwa kila moja aliinua yale macho yake ya huzuni, na kila moja ikakataliwa kwa heshima. Ukiwatazama bila kusikia, ungelia.

Na watu waliokuwa barabarani walikuwa hawasikii.

Mwenye kuona zaidi alikuwa Bi. Tranter, mke wa muuza nyama, ambaye duka lao lilikabili dirisha letu. Kwanza alikuja kuuliza nyumbani kwetu kuna nini. Nikamweleza kila kitu, kitabu, mchapishaji, picha. Akasikiliza akitikisa kichwa.

"Najua ni picha," akasema. "Lakini magoti ni yake."

Jioni ile alimpelekea Bwana Pellow mkate wa nyama na figo. Kesho yake mwanamke mwingine akampelekea wa tufaha. Ambrose alipoanza posa ya pili, watu wa Ludlow walikuwa wameshaanza kuugua kwa makusudi. Wazee waliokuwa hawajameza kidonge tangu wazaliwe walipanga foleni dukani wakidai wana vichomi, ili tu wamshike mkono na kumwambia ajikaze. Bwana Pellow hakuelewa. Aliniambia anaogopa huenda maji ya kisima cha mji yameharibika.

Milly yeye alipata ya kwake. Wanafunzi wa piano walianza kupungua. Watu wakikutana naye njiani waliitazama mikono yake. Jumapili moja kasisi alihubiri juu ya ugumu wa moyo, akakitazama kiti cha akina Oakshott kuanzia mwanzo wa mahubiri mpaka mwisho, na Milly akamtazama yeye vilevile.

Sasa niseme habari za Meja. Aliyekuja kulinda heshima ya binti yake alianza taratibu kubadilika. Wakati wa posa ya tatu alimwita Ambrose pembeni, akamuuliza mtu huyu ana mali kiasi gani.

"Ni muuza dawa, Meja. Duka lake unalijua."

"Sisemi huyo. Nasema yeye mwenyewe, wa kwenye kitabu."

Ambrose, ambaye akili yake ilikuwa kwenye mikunjo ya koti, alimjibu kwamba ana nyumba kubwa isiyo na idadi ya vyumba, na mto unapita katikati ya ardhi yake, na kulungu wanazurura bustanini. Meja akarudi kitini. Akakaa akiwaza. Milly alikuwa amenyanyua mkono, Bwana Pellow akimweleza habari za chumvi ya kulainisha tumbo.

"Kulungu, Milly," Meja akasema.

"Baba, hakuna kulungu."

"Kila nikikuambia jambo unasema hakuna. Umekwenda kutazama?"

Siku ileile kilitokea kitu kidogo ambacho nadhani mimi peke yangu nilikipa uzito. Sufi iliyokuwa ndani ya soksi ya Bwana Pellow ilikuwa na tabia ya kusogea, na ilipofika saa sita kigimbi chake cha kushoto kilikuwa kimehamia mbele, juu ya muundi. Meja akamwambia kwa upole, kama unavyomwambia mgonjwa, "Kijana, mguu wako umegeuka." Bwana Pellow alitazama chini, akawa mwekundu mpaka masikioni, akajaribu kuurudisha kwa kiwiko bila kuharibu pozi. Milly akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Ambrose alikasirika kwa sababu shingo ilitikisika, akamtaka aache, lakini Milly hakuweza kuacha, na Bwana Pellow alimtazama kutoka pale chini kama mtu aliyefunguliwa dirisha.

Wakati wa posa ya nne goti lake lilikuwa limevimba. Milly alikuja na kimto kutoka kwao, na Ambrose alipogeuka kuchovya kalamu, Milly akakisukuma kwa ncha ya kiatu mpaka chini ya goti la Bwana Pellow, uso wake ukiwa bado umegeukia pazia, mkono wake ukiwa bado unamkataa. Meja naye alikuwa ameshahamisha kiti. Aliketi sasa upande wa Bwana Pellow.

Basi picha ya nne ilipokwisha, habari ikaja kutoka London kwamba ya tano haihitajiki. Mchapishaji alisema msomaji anajua tangu mwanzo kwamba binti atakubali, kwa hiyo hakuna haja ya kumwonyesha akikubali. Badala yake alitaka picha ya gari la farasi. Ambrose hakujali. Alikuwa anapenda magurudumu. Akasogeza meza, akaanza kuchora.

Mji haukukubali. Bi. Tranter alikuja na wanawake wenzake, wakasimama ukumbini kwetu na vikapu vyao, wakasema hawakusimama kwenye baridi majuma yote yale ili waishie kwenye gari. Meja alikuja peke yake na mwavuli. Alimwambia Ambrose kwamba binti yake amemkataa mtu mara nne mbele ya mji mzima, na haiwezekani familia yenye heshima ibaki katika hali hiyo. Ambrose akamuuliza yeye afanye nini. Meja akasema amalizie alichokianza. Ambrose akaendelea na gurudumu.

Bwana Pellow alikuja wa mwisho. Alirudisha koti akiwa amelikunja vizuri, akaliweka kitini, kisha hakuondoka. Alisimama mlangoni akizungusha kofia yake. Nikamuuliza kama goti linamsumbua.

"Alikuja dukani jana, Bi. Augusta," akasema. "Binti Oakshott. Alitaka vidonge vya koo."

"Na ukamwambia nini?"

"Sikumwambia kitu. Nilimpa mafuta ya kuchua farasi. Akashukuru, akayalipia, akaenda nayo." Akaizungusha kofia tena. "Nikiwa nimesimama sina la kumwambia yule. Sijawahi kuongea naye nikiwa nimesimama. Nilikuwa naomba, kama si usumbufu, uniazime zile nguo."

Nilimwazima. Nilimvisha mwenyewe, na safari hii sufi niliishonea ndani ya soksi kwa uzi wa nguvu, ili vigimbi vikae vinapopaswa kukaa.

Ilikuwa siku ya soko, mwezi wa Novemba, barafu imetanda juu ya mawe. Bwana Pellow alitoka nyumbani kwetu na koti la mkia, soksi nyeupe na kofia ndefu, akapita katikati ya barabara kati ya mabata na mikokoteni ya kabichi. Hakuna aliyecheka. Watu walimpisha. Muuza nyama Tranter alivua kofia. Nilimfuata kwa nyuma kidogo, nikatazama na kuona kwamba mji wote nao unafuata, kimyakimya, kama mazishi ya mtu aliyependwa.

Alipobisha hodi kwa akina Oakshott, Milly alikuwa dirishani juu. Alimwona. Dakika chache baadaye Meja alitokea mlango wa nyuma bila kofia, akanijia mbio akihema.

"Hataki kushuka," akasema. "Anasema hawezi kumpokea na nguo alizovaa. Anataka lile la kulalia."

Nikarudi nyumbani kulichukua. Ambrose hakuinua kichwa.

Milly alishuka amevaa melimeli, vinyweleo vya mikono vimemsimama kwa baridi. Sebuleni tulikuwa wanne: yeye, Bwana Pellow, Meja na mimi. Dirishani sijui walikuwa wangapi. Bwana Pellow alivua kofia, akaiweka sakafuni, akapiga goti, akaweka mkono kifuani. Nilimwona akivuta pumzi, na nilijua kwamba safari hii si dawa.

"Binti Oakshott," akaanza.

Mkono wa Milly ukapanda. Uso wake ukageukia pazia.

"Hapana, Bwana Pellow," akasema.

Kisha akautazama mkono wake mwenyewe kama mtu aliyekuta wa mwingine umeota begani pake. Hakuwa amekusudia. Mwili wake ulikuwa umefundishwa jambo moja kwa majuma yote yale, nao ukalifanya. Ubaya ni kwamba wa Bwana Pellow ulikuwa umefundishwa pia. Aliokota kofia, akainama, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni kama Ambrose alivyomwonyesha, akatoka. Nje watu waliguna kwa uchungu.

Alikuwa ameshafika getini Milly alipomkimbilia kwenye barafu na viatu vyake vya kitambaa, akamrudisha kwa kumshika mkia wa koti. Wakajipanga upya. Bwana Pellow akapiga goti, akaita jina lake, na mkono ukapanda tena. Meja akaruka, akaushika kwa mikono miwili, akauteremsha.

"Nimeukamata, kijana. Sema upesi."

Mkono wa kushoto ukapanda.

"Hapana, Bwana Pellow," Milly akasema, na machozi yakaanza kumtoka kwa hasira. Nilimhurumia. Bwana Pellow naye alikuwa ameshaanza kutafuta kofia yake.

"Acha hiyo kofia," Milly akamwambia. "Inuka. Njoo usimame hapa nilipo mimi, karibu na pazia."

Akainuka, akaja. Milly akazunguka akaenda pale alipokuwa yeye, akapiga goti. Katika koseti yake ya kila siku asingeweza, lakini lile gauni la bibi halikumbana popote, na alishuka kwa wepesi kama mtu anayeketi kwenye nyasi. Akatulia pale akimtazama kutoka chini, na nikaona kwamba katika sehemu ile mwili wake haukuwa na mazoea yoyote.

"Bwana Pellow," akasema, "mimi sina mashamba wala mto. Nina piano, na nina baba. Nakupenda. Unanitaka?"

Meja alisema kwamba hakupenda kutajwa baada ya piano.

Bwana Pellow alikuwa amesimama wima mbele ya Milly Oakshott, na kwa mara ya kwanza hakuwa na ugonjwa wa kutibu. Mikono yake ilining'inia tu. Kukataa alikuwa hajafundishwa na mtu.

"Nakutaka," akasema. "Na piano. Na Meja, kama ni lazima. Milly, inuka, sakafu ni ya baridi."

Akavua koti la buluu akamfunika mabegani, akamshika mikono yote miwili, wala haikupanda popote.

Nilipofungua mlango, Bi. Tranter alikuwa kwenye ngazi. Alikuwa ameona yote, na alikuwa amekunja uso.

"Sijaelewa," akasema. "Nani kamkubali nani?"

Nikamwambia Bwana Pellow kakubali. Akawageukia wenzake akawatangazia, na ikawa mjadala pale nje. Wengine walisema imekwisha, ni furaha. Wengine walisema binti yule, ukitazama vizuri, bado hajakubali chochote, ameuliza tu. Muuza nyama akawakumbusha kwamba ni siku ya soko na nyama imebaki peke yake dukani na mbwa. Wakatawanyika, lakini ubishi ule uliendelea Ludlow majira yote ya baridi, na kuna familia mbili ambazo hazikualikana Krismasi kwa sababu yake.

Walioana kabla ya Kwaresima, wamevaa nguo za kawaida za watu wa siku hizi. Meja aliuza nyumba yake akahamia kwao, juu ya duka la dawa, akasema ni kwa muda. Piano ilibidi ipitishwe dirishani kwa kamba, na Hubert ndiye aliyesimama chini barabarani akiwaelekeza wabebaji, kwa sauti kubwa kuliko zote nilizowahi kumsikia, huku Milly ameegemea dirisha la juu, anamcheka.